Mbegu, Shamba na Yai: Ufeministi na Lugha ya Sayansi ya Uzazi

Neno "mbegu" lina kazi mbili katika Kiswahili cha leo. Mkulima anapolitamka huwa na maana ya punje ya mahindi au ya haragwe aliyoiweka akiba kutoka mavuno yaliyopita: kitu kilicho kamili, chenye mche mchanga ndani yake, na chakula cha kuulisha mche huo mpaka utakapotoa majani. Mwalimu wa afya, mwandishi wa gazeti na mtangazaji wa redio wanapolitamka pamoja na sifa "ya kiume", huwa na maana ya seli ndogo mno itokayo katika mwili wa mwanamume na kwenda kukutana na yai. Maana hizi mbili zimekaa pamoja muda mrefu bila kugombana, na wasemaji wengi hawajaona haja ya kuzitenganisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hazipatani hata kidogo. Kwamba maana ya kwanza huingiza katika ile ya pili madai ambayo sayansi yenyewe iliyakana karne moja na nusu iliyopita. Na kwamba suala hili, ambalo kwa juu juu ni la watunga istilahi tu, ni mfano ulio wazi wa hoja ambayo wanafalsafa wafeministi wa sayansi wamekuwa wakiitoa tangu miaka ya 1980.

Hoja yenyewe

Falsafa ya sayansi ya karne ya 20 ilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya mgawanyo mmoja maarufu. Hans Reichenbach, akiandika mwaka 1938, alitofautisha mazingira ya kugundua jambo na mazingira ya kulithibitisha. Mtaalamu aweza kulipata wazo lake ndotoni, ibadani, ulevini au katika ugomvi na jirani. Hayo ni ya wanasaikolojia na wanahistoria. Kinachomhusu mwanafalsafa ni iwapo wazo hilo, likisha kupatikana, linaungwa mkono na ushahidi. Kwa mujibu wa mtazamo huu, jinsia ya mtafiti, kabila lake na itikadi yake vyote huachwa mlangoni mwa maabara kama viatu vinavyoachwa mlangoni mwa msikiti.

Wanafalsafa wafeministi hawakukubali kwamba viatu hivyo vinavulika kwa urahisi namna hiyo. Tukumbuke kwamba wao si kundi lenye kauli moja. Evelyn Fox Keller, katika kitabu chake cha mwaka 1985, alichunguza jinsi waasisi wa sayansi ya Ulaya walivyoyapa maumbile jinsia ya kike na kumpa mjuzi wa maumbile hayo jinsia ya kiume. Sandra Harding, mwaka 1986 na baadaye, alitetea rai kwamba utafiti unaoanzia katika maisha ya waliowekwa pembeni huweza kuyaona mambo yasiyoonekana kutoka vitini pa wakubwa. Donna Haraway, mwaka 1988, alikana kwamba pana jicho liwezalo kutazama kutoka pasipo mahali popote. Tofauti zao ni kubwa, na mwenye kutaka kuzifuata zote atahitaji makala mengine. Sisi tutamfuata Helen Longino, aliyeieleza sayansi katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuwa ni maarifa ya kijamii. Kwa maoni yetu hoja yake ni imara kuliko nyingine, na ndiyo inayomgusa mwanaisimu moja kwa moja.

Longino anaanza na jambo dogo. Ushahidi, asema, hautangazi wenyewe kuwa ni ushahidi wa nini. Baina ya kitu kilichoonwa na nadharia inayodaiwa kuthibitishwa nacho pana pengo, na pengo hilo huzibwa na dhana za awali, ambazo mara nyingi mtafiti hazitaji kwa sababu hazioni. Jiwe la kale lililochongwa likiokotwa Olduvai, jiwe peke yake halisemi kama lilishikwa na mwanamume aliyekuwa akimchuna mnyama au na mwanamke aliyekuwa akitayarisha mizizi na matunda magumu. Kwa miaka mingi wataalamu waliliona la mwindaji, si kwa kuwa walidanganya, bali kwa kuwa walikwisha kuamini kwamba uwindaji wa wanaume ndio uliomtoa binadamu katika unyama. Dhana ya awali inaposhirikiwa na watu wote waliomo chumbani, hapana wa kuiuliza swali.

Kutokana na hayo Longino anafikia hatua ambayo kwetu ndiyo kiini. Kutoegemea upande si fadhila ya mtafiti mmoja mwadilifu, kwa kuwa hakuna awezaye kuyaona makengeza ya macho yake mwenyewe. Ni sifa ya jumuiya nzima ya watafiti, nayo hupimwa kwa mambo manne: pawe na mahali panapotambulika pa kukosolea, ukosoaji uitikiwe, usiwe wa kusikilizwa na kusahauliwa, pawe na vipimo ambavyo pande zote zinaviheshimu, na mamlaka ya kielimu yagawanywe kwa usawa, bila kutazama cheo cha msemaji katika jamii. Yafaa isisitizwe kwamba Longino hasemi kuwa ukweli hauko, wala kwamba wanawake wana hesabu yao na wanaume yao. Wanaomsoma hivyo hawajamsoma.

Kutoka kwa seremala hadi hadubini

Katika sayansi ya uzazi, dhana ya awali ina umri mkubwa kuliko sayansi yenyewe. Aristotle alifundisha kwamba mwanamume hutoa umbo na mwendo, na mwanamke hutoa maada tu, yaani damu isubiriyo kuumbwa. Akatumia mfano wa seremala: kitanda hutoka katika mbao, lakini umbo la kitanda hutoka kwa seremala, wala hakuna kipande cha seremala kinachobaki ndani ya kitanda. Mbao hazina la kusema.

Mwaka 1677 Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft huko Uholanzi, aliyatazama manii kwa hadubini yake na kuona vijidudu vyenye mikia vikichezacheza. Mwaka 1694 Nicolaas Hartsoeker akachapisha mchoro wa jinsi alivyofikiri kimoja cha vijidudu hivyo kingeonekana kama hadubini zingekuwa na nguvu ya kutosha: ndani ya kichwa amejikunyata mtu mdogo, magoti yamegusa kidevu. Yafaa tuseme kwa haki kwamba walikuwapo wengine, nao walikuwa wengi, waliodai kwamba kiumbe huyo mdogo yumo katika yai. Lakini yai lenyewe la mamalia halikuonwa na mtu mpaka mwaka 1827, pale Karl Ernst von Baer alipolikuta katika ovari ya mbwa. Kwa hiyo kwa miaka 150 upande mmoja ulikuwa na ushahidi wa macho na upande wa pili ulikuwa na dhana.

Mwaka 1876 Oscar Hertwig alilimaliza shauri. Alikuwa akichunguza mayai ya yule mnyama wa baharini mwenye mwili wa mviringo uliojaa miiba, ambaye wavuvi wa pwani yetu wanamjua kwa kuwa huwachoma nyayo. Hertwig aliona ndani ya yai viini viwili, kimoja cha yai na kingine kilichoingia, vikisogeleana na kuwa kiini kimoja. Utafiti uliofuata juu ya kromosomu ulithibitisha kwamba kila upande huleta nusu ya urithi. Zaidi ya nusu hiyo, yai huleta karibu vitu vingine vyote vinavyohitajika ili uhai uanze: akiba ya chakula, mitambo ya seli, na maagizo ya kwanza ya ukuaji. Yai la binadamu lina upana wa karibu milimita 0.1, kiasi cha kukaribia kuonekana kwa macho matupu, na kichwa cha gameti ya kiume ni sehemu ndogo sana ya kipimo hicho.

Tumelitumia neno "gameti" ili tusiamue mapema lile tutakaloliamua baadaye. Nalo si safi kabisa: asili yake ya Kigiriki ina maana ya mume au mke. Wataalamu wa uzazi, yaonekana, hawawezi kutaja jambo bila kufunga ndoa.

Yai la vitabuni

Baada ya Hertwig ungetarajia seremala wa Aristotle afukuzwe vitabuni. Hakufukuzwa, alibadilishiwa nguo. Hilo ndilo alilolionyesha mwanaanthropolojia Emily Martin, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, katika makala yake ya mwaka 1991 juu ya yai na gameti ya kiume. Martin hakwenda maabara. Alifanya kazi ambayo mwanafunzi yeyote wa fasihi angeifanya: alivisoma vitabu vya biolojia na vya udaktari vilivyokuwa vikitumika, akaziorodhesha sitiari zake.

Alichokikuta ni hadithi ya mapenzi ya aina ya zamani. Gameti za kiume ni mashujaa: zinasafiri, zinashindana, zinapenya, na moja inashinda. Yai ni binti mfalme aliyelala: linasukumwa, linasubiri, linafikiwa. Hata hesabu hufanywa kwa mizani miwili. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai machanga milioni moja au mbili, na katika maisha yake yote ni kama 400 au 500 tu yatakayopevuka. Vitabu vililiita jambo hili upotevu na uchakavu, na hedhi ikaelezwa kuwa ni kazi iliyoshindikana. Mwanamume hutengeneza gameti zaidi ya milioni mia kwa siku, na karibu zote hupotea bila kuzaa kitu. Vitabu vililiita jambo hili uzalishaji wa kustaajabisha. Mwanahesabu asiyejua habari za mapenzi angeshangaa ni upande upi ulioitwa wenye hasara.

Mhakiki wa fasihi ataiona mara moja tashihisi. Lakini je, tashihisi ina madhara gani katika sayansi, ikiwa vipimo ni vilevile? Hapa ndipo Martin anapotoka katika uhakiki na kuingia katika falsafa ya sayansi. Watafiti wa Johns Hopkins walikuwa wamejaribu kupima nguvu ya mkia wa gameti ya kiume, wakitarajia kukuta nguvu ya kutoboa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1988 na Jay Baltz na wenzake, yalikuwa kinyume. Nguvu ya kusonga mbele ni dhaifu mno. Kichwa huyumba kwenda kando kwa nguvu inayokadiriwa kuwa kama mara 10 ya ile ya kwenda mbele. Kiumbe wa namna hiyo hafai kutoboa. Anafaa zaidi kujinasua na kwenda zake. Asiponasuka ni kwa sababu utando wa nje wa yai humkamata na kumshika. Na hata baada ya kuyajua hayo, Martin anaonyesha, watafiti waliendelea kuandika kwamba gameti ya kiume ndiyo inayoshambulia na yai ndilo linaloshambuliwa. Sitiari ilikuwa na nguvu kuliko mizani.

Martin mwenyewe alikuwa mwangalifu kuliko baadhi ya wafuasi wake. Alitambua kwamba picha mpya ya yai linaloshika inaweza kugeuka mara moja kuwa picha nyingine kongwe: mwanamke mwenye hila, buibui katikati ya utando wake. Kulitoa yai katika hadithi ya binti aliyelala na kulitia katika hadithi ya jini la kike si maendeleo.

Pingamizi moja la haki

Mwaka 1998 Paul Gross, mwanabiolojia aliyepata kuiongoza maabara ya Woods Hole huko Marekani, alimjibu Martin kwa ukali. Hoja yake ilikuwa kwamba wanasayansi walijua habari za utendaji wa yai miaka mingi kabla ya wafeministi, na kwamba kuwapa wafeministi sifa hiyo ni kupotosha historia.

Gross ana ushahidi. Mwaka 1899, hapo hapo Woods Hole, Jacques Loeb aliweza kuyafanya mayai ya mnyama yule yule wa miiba yaanze kukua bila gameti yoyote ya kiume, kwa kubadilisha chumvi za maji tu. Mwaka 1951 Min Chueh Chang na Colin Russell Austin, kila mmoja peke yake, waligundua kwamba gameti ya kiume ya mamalia haiwezi kuliingia yai mpaka ikae kwanza kwa muda katika njia ya uzazi ya kike na kubadilishwa humo. Na kabla ya hao wawili alikuwapo Ernest Everett Just, aliyezaliwa mwaka 1883 Charleston, South Carolina. Just alitumia miaka mingi akiangalia uso wa yai wakati linapoguswa. Aliona jinsi badiliko linavyoenea juu ya uso huo kutoka pale palipoguswa na jinsi yai linavyojifunga dhidi ya gameti nyingine, na katika kitabu chake cha mwaka 1939 alishikilia kwamba yai ni mtendaji na kwamba tabaka lake la nje ndilo lenye kuamua mengi.

Tunalikubali pingamizi hili kwa upande wa historia, na tunaona kwamba linamdhuru Gross mwenyewe. Ikiwa mambo haya yalijulikana mwaka 1899, mwaka 1939 na mwaka 1951, kwa nini mwanafunzi wa udaktari wa miaka ya 1980 alisoma habari za yai linalosubiri? Ujuzi ulikuwapo, kilichokosekana ni mwitikio. Hicho ndicho kipimo cha pili cha Longino. Ama habari za Just, zinatupeleka kwenye kipimo cha nne. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Howard, ambaye hakuna chuo kikuu kikubwa cha wazungu katika nchi yake kilichompa nafasi ya kazi iliyolingana na kipaji chake. Katika miaka ya 1930 alifanya kazi zaidi Ulaya, akafariki mwaka 1941. Hatusemi kwamba ubaguzi wa rangi peke yake ndio uliolinyamazisha yai la Just, kwa sababu mitindo ya biolojia nayo ilikuwa imegeukia kiini na jeni. Lakini jumuiya inayoamua ni nani wa kusikilizwa kwa kumtazama rangi haiwezi kudai kwamba yale isiyoyasikia yalikuwa hayafai kusikika. Si bure kwamba kundi la wanabiolojia na wanafunzi walioandika mwaka 1988 juu ya faida ya uhakiki wa kifeministi kwa biolojia ya seli walimrudia Just.

Mfano mwingine, kwa ufupi. Kwa muda mrefu wataalamu walitafuta kwa bidii kinachofanya mimba ya kiume iwe na korodani. Ovari ilielezwa kuwa ndiyo itokeayo pasipotokea kitu, kama giza linavyobaki taa isipowashwa. Mwaka 1986 Eva Eicher na Linda Washburn walikumbusha kwamba kutengeneza ovari nako ni kazi ya jeni, na kwamba kazi hiyo ilikuwa haijachunguzwa ipasavyo. Mwaka 2009 ikaonyeshwa kwamba jeni moja, iitwayo FOXL2, ikizimwa katika panya jike aliyekwisha kukomaa, seli za ovari yake huanza kugeuka kufanana na seli za korodani. Kumbe hata katika utu uzima ovari hubaki ovari kwa kazi isiyokoma. Hakuna aliyezuiwa kuliuliza swali hilo mapema. Neno lililotumika ndilo lililolifanya lionekane si swali.

Kiswahili nacho

Wako wasemao kwamba Kiswahili kimesalimika na balaa hili. Ngeli ya A-WA haimtenganishi mke na mume; "yeye" ni yeye, "mtu" ni mtu, na "mzazi" aweza kuwa baba au mama. Msemaji wa Kiingereza aliyeandika juu ya mwindaji wa kale alilazimika kutumia neno lenye maana ya binadamu na maana ya mwanamume kwa pamoja, na mtego huo kwetu haupo. Hayo ni kweli, lakini upendeleo haukai katika viwakilishi peke yake. Kiswahili huuweka katika vitenzi na viambishi vyake. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mwanamume hutia mimba, mwanamke hutiwa.

Hata hivyo lugha ina mikono miwili. Mwanamke huyo huyo anayetiwa mimba pia hushika mimba, huchukua mimba, hubeba mimba, na hapo yeye ni mtenda wa sentensi wala hakuna kiambishi cha kutendwa. Na tukisema mimba imetunga, hapana aliyetenda wala aliyetendwa; mimba yenyewe ndiyo kiima. Kutunga ni kuunganisha: shanga hutungwa uzini, maneno hutungwa shairi. Tukiwa na hazina ya namna hii, yastahili kuuliza kwa nini lugha ya elimu imechagua mara nyingi yale maneno mengine.

Tuchukue kwanza "kurutubisha". Vitabu husema gameti ya kiume hurutubisha yai. Rutuba ni hali ya udongo wenye unyevu na chakula cha mimea. Arutubishaye ni mwenye kutia mbolea. Neno hili limefuata nyayo za Kiingereza, na limeleta mchanganyiko wa kuchekesha. Katika "mbegu ya kiume", mwanamke ni shamba na mwanamume ndiye mwenye mbegu. Katika "kurutubisha", yai ndilo shamba na mwanamume ni samadi. Mwandishi anayeyaweka maneno yote mawili katika sentensi moja amepanda mbegu ambayo kazi yake ni kuwa mbolea.

Lakini "mbegu" ndilo zito zaidi. Katika elimu ya mimea Kiswahili kina istilahi nzuri: unga wa ua la kiume huitwa chavua, tendo la kuusafirisha huitwa uchavushaji, na mbegu ni kile kinachopatikana baada ya upande wa kiume na wa kike kuungana. Mbegu ni mtoto wa mmea pamoja na chakula chake. Basi mwanafunzi akifungua kitabu chake cha sayansi, katika sura ya mimea atafundishwa kwamba mbegu ni tunda la wazazi wawili, na katika sura ya binadamu ataambiwa kwamba mbegu ni ya baba. Kama ana akili ya kuunganisha mambo, atahitimisha kwamba kwa binadamu mtoto yumo tayari ndani ya baba, na mama humwekea mahali pa kuota. Mwanafunzi huyo atakuwa amemrudisha Hartsoeker na mchoro wake, na mwalimu atamsahihisha kwa maneno yale yale yaliyompotosha.

Itasemwa kwamba hii ni sitiari mfu, na kwamba hakuna asikiaye "mbegu za kiume" akafikiria mahindi. Tunaitilia shaka hoja hiyo. Sitiari mfu haizai, na hii inazaa. Wafugaji wana "dume la mbegu", na ni nadra kusikia "jike la mbegu", ingawa ndama hupata nusu ya urithi wake kwa mama. Mbegu ni pia nasaba: mtu husifiwa au hutukanwa kwa mbegu aliyotoka, na kwa kawaida huwa ni ya upande wa baba. Wakati wa mabishano juu ya mtoto ni wa nani, mfano wa shamba na mwenye mbegu huja bila kuitwa.

Na huja kwa nguvu zaidi mtoto asipopatikana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu mzima 1 kati ya kila 6 duniani hupatwa na ugumba katika maisha yake. Madaktari wanajua kwamba mara nyingi sana sababu, au sehemu ya sababu, iko upande wa mwanamume. Lakini mkulima aliyepanda mbegu yake na isiote hulaumu udongo. Kiswahili kina neno "tasa" ambalo husemwa juu ya mwanamke na juu ya ardhi isiyotoa kitu, na halisemwi kwa urahisi juu ya mwanamume. "Mgumba" laweza kusemwa juu ya wote wawili, lakini sikiliza kijijini linasemwa juu ya nani. Mwanamke hupelekwa kwa mganga, kisha hospitalini, kisha kwa mganga mwingine, huku mumewe hajapimwa manii, kipimo ambacho hakihitaji kisu wala dawa ya usingizi. Wapo walioachwa na wapo waliopewa wake wenza kwa sababu ya kosa la sarufi ya shamba. Hatudai kwamba neno moja ndilo lililoyafanya yote hayo. Mila ya urithi na mali ina sehemu kubwa zaidi. Tunasema neno hilo halimpi mtu yeyote sababu ya kushuku.

Nini basi kiwekwe mahali pake? "Manii" na "shahawa" hayafai, kwa kuwa ni majina ya majimaji na si ya seli. La pili, tukifuata asili yake ya Kiarabu, maana yake ni matamanio. "Gameti ya kiume" lafaa kwa shule ya sekondari na chuo. Kwa shule ya msingi na kliniki twapendekeza "seli ya uzazi ya kiume", na mwenzake "seli ya uzazi ya kike" litajwe pamoja nalo angalau mara moja kabla ya kurudi kwenye "yai", ili msomaji aone kwamba vitu viwili vya aina moja vinakutana. Mwenye kutaka neno fupi aweza kujaribu kulinyoosha "chavua" kutoka mimea hadi wanyama. Litapingwa, lakini angalau halidanganyi. Tendo lenyewe liitwe "utungisho", kama baadhi ya waandishi wanavyofanya tayari, na "urutubishaji" waachiwe wataalamu wa udongo.

"Utungisho" nao una dosari yake. Kiambishi cha kutendesha kinamtaka mtu aulize ni nani aliyetungisha, na jibu la haraka litakuwa lile lile la zamani. "Utungo" lingekuwa sahihi zaidi kisarufi, lakini washairi wamekwisha kulichukua. Kamati yoyote itakayolikalia suala hili itafanya vyema kumwita mkunga akae pamoja na mwanabiolojia na mwanaisimu, kwa kuwa yeye husema kila siku kwamba mimba imetunga na hajapata kuhitaji mtenda.